Mteremko wa Bure

Kwa miaka mingi watu wa Vudee walimjua shemeji yangu Eliamini kwa jambo moja: alishuka mlima kimya. Akifika pale barabara inapoanza kuinamia upande wa Same, alizima injini ya pikapu yake, akaweka nyutro, akaiacha iende yenyewe. Ulisikia changarawe tu chini ya matairi, na abiria kule nyuma wakiongea kana kwamba wamekaa uani kwao. Karibu na tambarare aliingiza gia ya pili, akaachia klachi, na magurudumu yenyewe yakaiamsha injini. Ilikohoa mara moja, ikawaka.

"Kupanda tunalipa," alikuwa akisema. "Kushuka Mungu ametupa bure. Nani anakataa cha bure?"

Watu walicheka. Wageni wanapotutania sisi Wapare kwamba mkono wetu ni mgumu kufunguka, huwa hawajakutana na Eliamini. Lakini kwake haukuwa uchoyo hasa. Alianza kazi akiwa utingo kwenye lori la tangawizi, mara tu alipomaliza darasa la saba, na dereva wake alikuwa akipimiwa mafuta kwa kijiti na mwenye lori. Kijiti kikitoka kikavu kuliko jana, dereva na utingo walilala njaa. Hapo ndipo alipojifunza kuzima. Baadaye alipouza ng'ombe wake na kununua pikapu, mwenye lori alikuwa ameshakufa, lakini mkono wa Eliamini uliendelea kumwogopa.

Hakuwahi kugonga hata kuku. Yeye na mkewe Hedwiga hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo binti yangu Irine alikuwa wao kama alivyokuwa wangu. Alipokuwa mdogo alikaa mbele katikati yao, wakimpeleka Same kununua sare za shule. Mimi nilibaki nimesimama kwenye migomba, nikisikiliza. Sauti ya injini hunituliza, kama pumzi ya mtoto aliyelala. Ilipokatika kule kwenye mteremko, moyo wangu ulisimama mpaka niliposikia tena kikohozi kile cha chini.

Mwaka huu, mwezi wa pili, mama mkwe wangu alifariki. Irine ameolewa Voi, upande wa Kenya, na alikuja mazikoni na mumewe Lukasi kwa gari lao jekundu, lenye tundu la kuvuta hewa juu ya boneti. Mimba yake ilikuwa ya kwanza, na ilikuwa ikimaliza mwezi wa nane. Aliposhuka nilimtazama miguu kabla ya uso. Ilikuwa imevimba.

"Daktari anasemaje?" nikamwuliza.

"Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Daktari anasemaje?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia. Nitapasuliwa Alhamisi ijayo, kabla uchungu haujaanza. Nisibebe kitu kizito, nisitikiswe."

"Na ukaja huku milimani?"

"Nina jina la bibi, mama. Ningebakije Voi?"

Marehemu alikuwa Irine mkubwa, huyu ni Irine mdogo. Mwenye jina haondoki mpaka matanga yaanuliwe. Lakini Lukasi ni mfanyakazi wa reli, na siku ileile ya mazishi aliitwa kazini. Akaamua kurudi kwa basi na kumwachia mkewe gari, ili asisongwe na watu njiani. Eliamini angemwendesha mpaka Voi siku ya Jumatano, nami ningefuatana nao.

Kabla ya kuondoka, Lukasi alituita mimi na Eliamini nyuma ya gari, akafungua kifuniko cha mafuta na kutuonyesha karatasi iliyobandikwa pale.

"Baba mdogo, hili linakunywa petroli ya premiamu tu. Injini yake ina kitu cha kusukuma hewa. Ukiweka petroli ya kawaida inagonga ndani, na inaweza kukufia porini kule Tsavo."

"Kama mtoto wa tajiri," Eliamini akasema. "Hagusi makande."

"Ndivyo. Iliyomo itawafikisha Taveta. Ukivuka mpaka tu, kuna sheli wanauza. Mtajaza hapo."

Lukasi ni Mtaita, mtu mwema, lakini hakuwa amepiga hesabu ya msiba wa Kipare. Gari likiwa kwenye uwanja wenye matanga ni gari la wote. Lilifuata viti, likafuata mchele, likampeleka mchungaji kwake, likarudi kuchukua kwaya. Vijana wa ukoo walipokezana ufunguo. Nani angewakatalia? Ukinyima gari msibani, wewe utazikwa na nani? Jumatatu asubuhi taa ya mafuta ikawaka, rangi ya chungwa, na haikuzimika tena.

Tukashuka Same kwa pikapu, mimi na Eliamini, na dumu tupu nyuma. Sheli ya kwanza alikuwepo binti anayeitwa Sumaiya, kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Premiamu?" alisema. "Baba, hapa kuna petroli na kuna dizeli. Hiyo nyingine kaulize Moshi."

"Moshi ni mbali, mwanangu."

"Basi uza gari, nunua punda. Punda hachagui."

Eliamini akacheka, mimi sikucheka. Sheli ya pili hawakuwa nayo. Sheli ya tatu walisema ilikuwepo zamani, wakaacha kuleta kwa sababu hakuna mnunuzi. Eliamini akampigia dereva mwenzake wa Mwanga, naye akajibu kwamba hata kule hakuna. Kila tulikoambiwa hapana, nilimwona Irine wangu akiwa juu ya ule mlima, amelala ubavu, na Alhamisi ikimsogelea.

Karibu na stendi akatufuata kijana mmoja mwenye chupa kubwa za maji zilizojaa kitu cha manjano. "Mama, nasikia mnatafuta premiamu. Hii imetoka Taveta, imevuka jana. Nawauzia bei ya mpakani."

Eliamini alishasimama. Bei ilikuwa ndogo kuliko ya petroli ya kawaida, na macho yake yaling'aa. Nikaichukua chupa, nikafungua, nikachovya kidole na kunusa. Nimekulia kwenye koroboi, harufu ile haiwezi kunidanganya.

"Humu mna mafuta ya taa."

"Mama, pua yako imezeeka."

"Imezeeka na koroboi. Chukua chupa yako, baba."

"Wapare!" kijana akasema akiondoka. "Mnataka vya wazungu kwa bei ya mchicha!"

Ni Sumaiya aliyetusaidia mwisho. Aliona tunapita kwa mara ya tatu, akatuhurumia. Dada yake Salha anafanya kazi kwenye sheli Moshi, na lori la simenti lilikuwa likija Same jioni. Salha angejaza dumu na kumpa dereva wa lori. "Lakini mlipe kwanza," akasema. "Mafuta, na cha dereva, na cha dumu, maana dumu lenu liko hapa."

Fedha aliyotuachia Lukasi ilikuwa ya Kenya, kwa ajili ya sheli ya Taveta. Hapo tukaanza kutafuta wa kuibadilisha. Benki palikuwa na foleni na masharti. Tukaenda kwa Sebastiani, mwenye duka la vitambaa, ambaye hufuata bidhaa Taveta siku za gulio. Akazigeuza zile noti kwenye mwanga, moja moja.

"Mpakani wangewakimbilia," alisema. "Hapa zinalala kabatini mpaka nisafiri. Kwa hiyo nakata cha kulala kwake."

"Hata noti zinalipa gesti?" Eliamini akamwuliza.

"Zikiwa za kigeni."

Eliamini akatuma malipo kwa simu. Jina la Salha likatokea kwenye kioo, akabonyeza, ujumbe ukarudi. Aliusoma akiwa amesimama juani, akausoma tena. Petroli ile ilikuwa imefika karibu mara mbili ya bei ya kawaida, na bado haijasafiri. Sijawahi kumwona Eliamini akitazama kitu vile, isipokuwa siku ile walipomshusha mama yake kaburini.

Jioni lori likaja. Dumu likawekwa mbele, katikati ya miguu yangu, kwa sababu hakutaka likae nyuma ambako lingeweza kuvuja. Njia nzima ya kupanda alikuwa akiinama kuligusa kifuniko.

"Tazama barabara, shemeji," nikamwambia.

"Naitazama." Akaligusa dumu tena. "Unajua, mama Irine, kwa fedha ile mimi nashuka na kupanda wiki nzima."

Sikupenda sauti aliyosemea.

Jumatano alfajiri, kabla ya kuku kushuka, pembe ililia kutoka upande wa chini. Ilikuwa pembe ya msaragambo, ya kuwaita watu kwenye kazi ya kijiji. Kila nyumba hutoa mtu mwenye jembe, na asiyetokea hutozwa faini. Hedwiga alikuwa akitia chai kwenye chupa ya safari.

"Msaragambo," alisema.

"Siyo yetu," Eliamini akamjibu. "Nyumba yenye msiba haiitwi mpaka wiki ipite."

Ni kweli, ndiyo desturi. Na kwa kuwa haikuwa yetu, hakuna aliyeuliza pembe ile inaita watu wakafanye kazi wapi.

Eliamini alimimina petroli kwa kutumia chupa iliyokatwa kitako, polepole, akinusa. Dumu lilipokwisha aliliinamisha na kulitikisa, akasubiri tone la mwisho, kisha lingine baada ya hilo. Mume wangu Erasmo, aliyekuwa anabaki na wazee, akamwambia, "Mdogo wangu, jua litakukuta hapo." Tukamlaza Irine kiti cha nyuma kwa mito, nami nikakaa karibu naye, kichwa chake begani kwangu. Kabla sijafunga mlango nilimwita Eliamini.

"Shemeji, leo usizime. Naomba."

"Gari la watu hili, mama Irine."

"Niambie hutazima."

"Panda, tuondoke."

Kona ya kwanza tuliipita injini ikinguruma taratibu, na ya pili hivyohivyo. Gari lilikuwa laini, halikufanana na pikapu. Irine alifumba macho. Nilikuwa nikitazama katikati ya viti viwili vya mbele, mkono wa Eliamini. Ulikuwa umelala kwenye gia. Pale barabara inapoanza kuinama, kwenye mti ule wanapopumzika wachukuzi wa ndizi, mkono ukasogea. Ulisukuma gia kwenye nyutro. Kisha ukaenda kwenye ufunguo.

Kimya.

Nikasikia ndege. Nikasikia changarawe. Gari zima lilikuwa limekufa na bado linatembea.

Irine akafumbua macho. "Baba mdogo, limezimika?"

"Limepumzika, mwanangu."

"Hili halizimwi likiwa linatembea."

"Lina magurudumu kama mengine."

"Washa, shemeji," nikasema.

"Tukipita kona ya Mkuyuni nitawasha. Hapa ni bure kabisa. Hapa Mungu anatusukuma."

Niliona anauzungusha usukani kwa mabega yote mawili, jambo ambalo kwenye pikapu hakuwa akilifanya. Niliona mguu wake unakanyaga breki, unaachia, unakanyaga tena, kama alivyozoea, na kila mara goti lake lilinyooka zaidi. Kwenye kioo kidogo uso wake ulikuwa umebadilika, kama wa mtu aliyeuliza swali kwenye nyumba anayoijua akajibiwa na sauti ya mgeni.

Kisha nikasikia watu wakiimba. Na chini ya wimbo, majembe. Kwa kuwa gari letu lilikuwa kimya, sisi tuliwasikia wao. Wao hawakutusikia.

Tukakunja Mkuyuni na barabara yote ilikuwa imejaa. Mvua ya wiki ile ilikuwa imekula ukingo, na msaragambo walikuwa wakiujaza, wanawake wakipokezana karai za udongo, wanaume wakiwa mpaka magotini kwenye mtaro. Walikuwa wametugeuzia migongo.

Eliamini alikanyaga breki. Bila injini kuisaidia, ilikuwa ngumu kama jiwe, mguu haukuzama. Gari halikupungua. Ndipo mkono wake ukafanya kile ulichofanya miaka yote. Ukaurudisha ufunguo, ukaingiza gia, na mguu wa kushoto ukapiga sakafu kutafuta klachi, ili magurudumu yaiamshe injini.

Hapakuwa na klachi; lilikuwa gari la otomatiki, linalojibadilishia gia lenyewe. Magurudumu ya gari lile hayajui kuamsha kitu. Akaweka gia na kungoja kikohozi. Nilimwona akingoja. Akauzungusha ufunguo kwa nguvu, nao ukatoa mlio mdogo tu na kunyamaza, kwa sababu gari lile halikubali kuwaka likiwa kwenye gia.

"Honi!" nikapiga kelele. "Shemeji, honi!"

Honi ililia. Watu waligeuka, karai zikaruka. Sauti ya Dorkas, mwenyekiti wa kitongoji, ilipanda juu ya zote: "Tokeni! Tokeni! Ni Eliamini!" Nikamkumbatia Irine tumbo lake, mgongo wangu ukiwa mbele. Eliamini aliangukia usukani kwa uzito wake wote na kuligeuzia gari upande wa mlima, kwenye lundo la udongo waliokuwa wameuchimba asubuhi ile. Tuliingia humo kwa kishindo kizito, na vioo vikawa vyekundu kwa udongo, na wimbo ukakoma.

Hakuna mtu aliyegongwa. Dorkas alikuja mbio, miguu mitupu, jembe mkononi, akipiga mlango. "Eliamini! Tangu lini unatujia kama nyoka? Hata nyoka hupiga mluzi!" Kisha akatazama nyuma, akaona kanga ya Irine. Jembe likamwanguka.

Damu haikuwa na haraka. Ilikuja tu, ikaendelea kuja.

"Mama," Irine alisema, "hainiumi. Mbona hainiumi?"

Wanaume wa msaragambo walifunga majembe mawili kwa kanga za wake zao, wakapata machela. Walishuka naye mbio kwa njia ya mkato, wakipokezana bila kusimama, mpaka lilipokuwa lori la kokoto lililowaletea mawe. Mimi niliwafuata nikiwa nimeshika mguu wake, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee niliyoweza kuifikia. Nilipogeuka mara moja, Eliamini alikuwa bado kwenye kiti cha dereva, mkono kwenye ufunguo. Hedwiga aliniambia baadaye kwamba watu wawili ndio waliombandua vidole kwenye ufunguo.

Irine alipasuliwa Same, siyo Voi, na siku moja kabla ya Alhamisi yake. Wanaume walewale walijipanga kwenye ukuta wa hospitali, udongo umewakaukia magotini, wakatoa damu. Mtoto alitoka hai, wa kiume, mdogo kama mkate. Damu ya mama yake haikutaka kusimama, na daktari akatoka kuniambia kwamba ili aishi walilazimika kutoa kizazi. Nikauliza maana yake, ingawa nilikuwa nimeelewa. Nilitaka tu kuwe na muda kidogo kabla ya kuwa kweli.

Lukasi alifika jioni ile kupitia Taveta. Hakumgombeza mtu. Baada ya siku kadhaa, Irine alipoanza kukaa kitako, Lukasi alipanda Vudee kulitazama gari lake, ambalo vijana walikuwa wamelichimbua na kulisukuma mpaka uwanjani kwetu. Sote tulikuwepo. Boneti ilikuwa imejikunja. Akaweka gia kwenye nyutro, akauzungusha ufunguo bila matumaini, na injini ikawaka mara moja, safi, kama iliyokuwa imelala tu. Mshale wa mafuta ukapanda taratibu, ukasimama palepale uliposimama asubuhi tulipomimina.

"Baba mdogo," Lukasi akasema, na hakusema kwa hasira. "Mafuta yako hayajapungua."

Eliamini akatazama ule mshale. Kisha akaenda nyuma ya jiko la Hedwiga, na hatukumwona mpaka giza.

Siku hizi anashuka mlima injini ikinguruma, gia ya kwanza mwanzo hadi mwisho, mpaka abiria wanalalamika kwamba atawamaliza kwa moshi. Nauli haikupanda. Hasemi tena kuhusu cha bure. Kila Jumapili huja kumwona mtoto, lakini hambebi. Husimama mlangoni, mikono nyuma.

Irine yuko kwetu mpaka apate nguvu za kuvuka mpaka. Asubuhi pikapu inapoanza kushuka, mimi huwa nasonga uji na yeye huwa ananyonyesha. Sauti huenda ikipungua, kona baada ya kona. Kuna mahali, kabla ya Mkuyuni, ambapo mlima huimeza yote, na haisikiki kabisa. Hapo mwiko wangu husimama. Irine huinua kichwa. Hatutazamani. Mtoto peke yake ndiye anayeendelea kunyonya, mpaka injini inaposikika tena kule chini.